Majiko manne ya moshi nimeshayamiliki, la kwanza sasa hivi nawekea mkaa

Naongelea yale majiko ya kuivishia nyama kwa moshi. Nianze na la kwanza maana hilo ndo lililonifundisha, japo lilinifundisha kwa kunikomesha. Lilikuwa ofseti, yale majiko yenye pipa kubwa limelala juu ya miguu minne afu ubavuni kuna kisanduku cha moto na upande wa pili kuna bomba la moshi. Mi nililinunua kwa macho. Jeusi, linang'aa, lina magurudumu, lina kipimajoto mlangoni kikubwa kama saa ya ukutani, nikasema hapa nimefika. Muuzaji naye akalisifia weee mpaka nikaona aibu kuuliza swali lolote.

Siku ya kwanza nikaweka kuku wawili. Sasa ngoja niwaambie ule moshi ulivyotoka. Ulitoka mlangoni, ulitoka kwenye maungio ya kisanduku, ulitoka kwenye matundu ya bolti, yaani kila mahali isipokuwa kwenye bomba lenyewe. Kipimajoto kinasema nyuzi 110 za Selsiasi na mi nimekaa kwenye kiti changu nakiamini kabisa. Kuku aliyekuwa karibu na moto akaungua upande mmoja akawa mweusi tii, mwenzake wa upande wa bomba nilipomkata paja damu bado inachuruzika kwenye mfupa. Shemeji yangu alikuwepo, mtu mstaarabu sana, akala kipande cha yule mweusi kimya kimya afu akaniuliza taratibu, "Shem, huyu kuku ulimpaka nini? Mbona ulimi umekufa ganzi?"

Sikumpaka kitu zaidi ya chumvi. Ile ganzi ni kreosoti, masizi ya kunata kama lami yanayotokea kuni zikikosa hewa, unapata moshi mzito mweupe umejaa takataka na zote zinaenda kugandia kwenye ngozi ya nyama. Watu wengi wakiuona moshi mweupe unafuka kama treni ya zamani wanafurahi na kupiga picha, kumbe ndo chakula kinaharibika hivo. Moshi unaoutaka ni mwembamba, una ubluu kwa mbali, kuna wakati unaweza kudhani moto umezimika mpaka usogee pua ikupe taarifa.

Makosa yangu yalikuwepo, sikatai, nilijaza kuni nyingi mno afu nikabana hewa ili eti joto lishuke. Ila na jiko lenyewe lilikuwa la hovyo. Baadae nilipima bati lake, milimita moja na nusu hivi. Ofseti za maana zinaenda mpaka milimita 6, chuma kizito ambacho kikishapata moto kinakaa nao, ukifungua mlango ukafunga linarudi kwenye joto lake haraka. La kwangu wingu likipita mbele ya jua joto linashuka. Nikaja kuweka vipimajoto viwili juu ya wavu palepale nyama inapolala, kimoja karibu na moto kimoja upande wa bomba, kile cha kwanza kikasoma 165 na cha pili 105. Ile saa kubwa ya mlangoni ilikuwa inapima hewa ya juu huko ambako hakuna kuku.

Kwahiyo kabla hujatoa hela yako fanya hivi. Washa tochi, hata ya simu, iweke ndani ya jiko, funga kila mlango na kila tundu, afu lisogeze sehemu yenye giza au jifunike koti kichwani uchungulie. Kila utakapoona mwanga unapenya ndipo hewa itakapoingia bila ruhusa yako. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Mwanga kidogo pembezoni mwa mlango unazibika kwa gasketi ya utepe ile ya nyuzi za kuhimili moto, lakini kama jiko zima linawaka kama taa ya karatasi mshukuru muuzaji uondoke.

Maana mi nimegundua hivi, moshi sio kazi kuutengeneza. Hata mtu anayechoma majani uani anatengeneza moshi. Kinachouzwa kwenye haya majiko, ukitoa rangi na magurudumu na kishikio cha mbao, ni uwezo wa kuamua hewa kiasi gani iingie na kiasi gani itoke kwa masaa 8, 10, 12 bila wewe kugeuka mlinzi wa usiku. Basi. Mengine yote ni mapambo. Ndo maana siku hizi nikiangalia jiko jipya naanzia chini, naangalia matundu ya hewa, yanafunga mpaka mwisho au yanabaki na upenyo, yanasogea vizuri au yamelegea, ukiwa na glavu unaweza kuyashika? Tundu la juu la kutolea moshi mi naliacha wazi muda wote, moto nauongoza kwa ya chini. Ukibana la juu unaufungia moshi mchafu ndani na chakula chako.

Kabla ya hapo lakini kuna swali la kujiuliza, unataka moshi wa moto au moshi wa baridi? Maana vifaa vyake ni tofauti na hatari zake ni tofauti. Moshi wa moto ni ule unaopika kabisa, jiko linacheza kati ya nyuzi 105 na 135 hivi, nyama inaiva na kunukia kwa pamoja. Moshi wa baridi hauzidi nyuzi 30, hauiivishi chochote, unatia harufu tu, na kama ni samaki au nyama lazima iwe imekaa kwenye chumvi kwa vipimo kwanza maana humo ndani joto ni lile lile ambalo bakteria wanalipenda, kuna listeria na kuna ile sumu ya botulizimu ambayo sio ya kutania. Wajawazito wanaambiwa waache samaki wa moshi wa baridi kwasababu hiyo hiyo ya listeria. Kama ndo unaanza na unataka kuonja moshi wa baridi anza na jibini. Nunua lile bomba dogo la wavu la sentimita 30, unajaza peleti, vile vipande vidogo vya mbao iliyosagwa ikabanwa, unawasha ncha moja inafuka yenyewe masaa 4 au 5, unaliweka ndani ya jiko lolote lenye kifuniko na matundu, siku ya baridi, imeisha. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyonavyo na hakijawahi kuniudhi. Ukishamaliza tu usiile ile jibini siku hiyo, ina ukali kama wa kulamba majivu, ifunge iweke kwenye friji wiki moja au mbili ndo ukali unatulia.

Haya, turudi kwenye moto. Jiko langu la pili ndo ninalolitumia mpaka leo, lile la kusimama wima lenye umbo kama risasi, chini mkaa, katikati bakuli la maji, juu nyavu mbili na kifuniko cha kuba. Maarufu kuliko yote ya aina hii ni Weber Smokey Mountain lililotoka 1981, la kwangu sio lenyewe, ni la kampuni nyingine iliyoiga, la sentimita 47. Mi nililidharau nilipoliona, nikaona kama sufuria la shule. Kumbe lile bakuli la maji ndo akili yenyewe. Linakaa kati ya moto na nyama kwahiyo nyama haipigwi na moto wa moja kwa moja, na maji yenyewe hayawezi kupita 100 mpaka yaishe, kila moto ukitaka kupanda maji yanakula lile joto la ziada kwa kugeuka mvuke. Yaani umeweka breki ndani ya jiko.

Namna ya kuwasha ndo iliyonibadilishia maisha. Nilikuwa nawasha mkaa wote namwaga ndani, jiko linapaa mpaka 180 afu nahangaika kulishusha saa nzima. Sasa hivi najaza mkaa ambao haujawashwa mpaka juu, ule wa kubonyezwa wenye umbo moja, nachomeka vipande 4 au 5 vya mti mkavu ukubwa wa ngumi katikati yake, afu nawasha mkaa kidogo tu pembeni, vipande 12 au 15 hivi, vikishika majivu meupe navimwaga juu katikati. Moto unashuka wenyewe pole pole kama utambi. Njia hii wenyewe wanaiita Minion, kwa jina la mtu aliyeitangaza. Joto likifika 95 naanza kubana matundu ya chini, silisubiri lifike 110 ndo nishtuke, maana likishapita kulirudisha ni kazi. Kwa mtindo huo jiko linaenda masaa 9 mpaka 12 bila kuongeza mkaa, nimeshalala nikaamka asubuhi nikakuta 108.

Kasoro zake? Zipo. Ule mlango mdogo wa ubavuni wa kuongezea mkaa ni bati jembamba linalojikunja, la kwangu lilivuja tangu siku ya kwanza nikalinyoosha kwa nyundo juu ya ukingo wa ngazi. Nyama iliyo kwenye wavu wa chini huioni mpaka uinue wavu wa juu na kila kilicho juu yake. Na lile bakuli, jamani. Baada ya masaa 10 ya mbavu lina maji ya kahawia na mafuta yameelea juu, siku moja nikalibeba bado la moto nikajimwagia viatuni, viatu vikanuka mwezi mzima mbwa wananifuata. Sasa hivi nalifunika kwa foili mbili tatu kabla ya kuanza, nasubiri mpaka kesho yake mafuta yagande, nayakunja na foili natupa kwenye pipa la taka. Usiyamwage kwenye sinki.

Kuna watu watakwambia weka mchanga au kigae badala ya maji. Inafanya kazi, joto linatulia vilevile, ila unaukosa ule mvuke, na moshi unapenda kushika kwenye kitu chenye unyevu. Mi kwa kuku ambaye namtaka ngozi kavu naondoa maji kabisa. Kwa nyama ya masaa mengi naweka maji.

Kipimajoto. Hapa nitakaa kidogo maana ndo kitu cha kununua kabla hata ya jiko na watu hawanielewi. Nunua kile cha kidijitali chenye waya mbili, moja unaibana kwenye wavu inasoma joto la jiko, nyingine unachoma katikati ya nyama bila kugusa mfupa. Ukifika nacho nyumbani usikiamini, kipime kwanza, kitumbukize kwenye glasi ya barafu iliyosagwa na maji kidogo kisome 0, afu kwenye maji yanayochemka kisome 100 kama uko usawa wa bahari, ukiwa juu inapungua nyuzi moja hivi kila mita 300. Changu cha kwanza kilikuwa kinasoma nyuzi 6 zaidi, kwahiyo kila nilipodhani kuku ameiva alikuwa hajaiva. Kuku anatakiwa afike 74 ndani kabisa ya nyama, nyama ya kusaga na soseji 71, samaki 63. Rangi haisemi ukweli kwenye nyama ya moshi, kuna ule wekundu unaobaki pembezoni chini ya ngozi watu wanadhani ni mbichi, sio mbichi, ni gesi za kwenye moto zimeshikana na ile protini inayoipa nyama rangi, inaishia hapo nyama ikishafika kama 60 hivi. Kwahiyo ukitumia macho utatupa nyama iliyoiva na kula ambayo haijaiva.

Na kingine, bila kipimajoto utakuja kuchanganyikiwa siku ya kwanza unapika kipande kikubwa cha bega. Mi ilinikuta. Nyama imepanda vizuri mpaka 68 afu ikagoma. Saa moja, 68. Masaa mawili, 69. Nikaongeza mkaa, nikafungua matundu, nikaanza kulitukana jiko, mke wangu akatoka kuniuliza naongea na nani. Kumbe ni nyama inatoa jasho, maji yanatoka juu yanavukizwa na kuipoza kwa kasi ile ile moto unavyoipasha, inaweza kukaa hivo masaa manne na jiko halina kosa lolote. Ukichoka kusubiri unaifunga kwenye foili au karatasi nzito isiyo na nta, jasho linakosa pa kwenda, inaendelea kupanda. Ikifika 93 au 95 unaichoma na kijiti kinaingia kama kwenye siagi, maana ile mishipa migumu imeyeyuka ikawa kama jeli. Ukiitoa 75 kwasababu imeshaiva utatafuna mpaka taya ziume.

Jiko la tatu lilikuwa pipa, nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea. Lile la lita 200, unatoboa matundu chini unaweka vifuniko vya sumaku au vali, kikapu cha mkaa chini, wavu juu, bomba fupi kwenye kifuniko. Fundi kabla hajashika hata kipimio akaniuliza, "Bosi, hili pipa lilibeba nini?" Nikampenda hapo hapo. Pipa lililobeba kemikali usiliguse hata wakisema wameliosha na mvuke. Hata la chakula mara nyingi ndani lina rangi ya kinga, epoksi, lazima uwashe moto mkubwa wa kuni humo ndani mpaka iungue yote afu uisugue mpaka uone chuma kitupu. Rangi mpya ya kuhimili joto unapaka nje tu, ndani unapaka mafuta ya kupikia unawasha masaa mawili matatu, chuma kinakuwa cheusi chenyewe. Na chonde chonde usiweke bati wala wavu uliopakwa zinki, yale ya kung'aa kama ya uzio, zinki ikipata moto mkali inatoa mvuke unaokupa homa kabisa, wachomeleaji wanaijua hiyo homa vizuri.

Pipa linapika tamu, sitaki kudanganya. Mafuta yanadondoka moja kwa moja kwenye makaa, yanatoa harufu ambayo lile la maji halikupi. Kuku wa kwenye pipa nyumbani kwangu anaisha kabla sijakaa. Shida ni kwamba huo huo mvuke wa mafuta yaliyoungua ndo unaoleta zile kemikali zenye kuhusishwa na saratani, benzopireni na ndugu zake, Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2014 umeweka kikomo cha mikrogramu 2 za benzopireni kwa kilo ya nyama ya moshi, kabla ya hapo ilikuwa 5. Sisemi usile. Nasema kama familia yako inakula nyama ya moshi kila wiki basi chagua jiko ambalo mafuta hayadondokei moto, na kama ni mara moja kwa mwezi na wageni, washa pipa. Mi ndo ninavyofanya.

La nne nililipewa, kabati la umeme. Unachomeka kwenye soketi, unabonyeza 110, unaweka maranda kwenye kitrei kidogo, unaenda kwenye shughuli zako. Kwa mtu anayekaa sehemu hawaruhusiwi kuwasha mkaa, au anayetaka kukausha samaki wadogo wadogo trei tano kwa mpigo, hilo kabati sina neno nalo. Trei zimepangana, joto linatulia, samaki wanatoka wote sawa. Lakini kwa nyama ladha yake imepoa. Moshi wa maranda yanayoungua juu ya koili sio sawa na moshi wa moto wenye hewa yake, na ule wekundu wa pembezoni haupati kabisa. La kwangu pia halivuki 135 kwahiyo ngozi ya kuku inatoka kama mpira wa baiskeli, inabidi nimalizie kwenye oveni. Yale ya kampuni ya Bradley yanatumia vidonge vya mti vilivyobonyezwa, kila kidonge kinaungua dakika 20 afu mashine inasukuma kingine, wazo zuri, ila jua kwamba umefungwa kununua vidonge vyao.

Ya peleti sijamiliki, nimetumia la rafiki yangu msimu mzima maana aliniachia akisafiri. Haya yalianzia Oregon Marekani kwa Joe Traeger, hataza yake, ile haki ya kuzuia wengine wasiige, ilipokwisha 2006 ndo kila kampuni ikaingia, na ndo maana siku hizi yamejaa. Kuna tenki la peleti pembeni, parafujo inayozungushwa na mota inazipeleka kwenye kichungu kidogo cha moto, feni inapuliza, kompyuta inaamua. Ni oveni inayokula kuni. Unaliweka 107 linakaa 107, unalichungulia kwenye simu ukiwa kazini. Nikiri tu nililipenda zaidi ya nilivyotaka. Ila moshi wake ni mpole, kadiri unavyopandisha joto ndo moshi unazidi kupungua kwasababu moto unawaka safi mno, mtu aliyezoea pipa atauliza hii nyama ilipita karibu na moshi kweli. Na peleti zinaogopa maji kuliko paka. Niliacha mfuniko wa tenki haujakaa sawa usiku wa mvua, asubuhi nikakuta peleti zimevimba zimekuwa uji wa pumba za mbao, parafujo imekwama kabisa. Nilishinda siku nzima nimelala chini ya jiko la watu na bisibisi, nachokoa ule uji ambao ukikauka unakuwa kama saruji. Rafiki yangu mpaka leo sijamwambia. Mota, feni, kadi ya umeme, kila kimoja siku moja kitakufa, uliza vipuri kabla ya kuuliza rangi.

Kamado, yale mayai makubwa ya udongo wa kuchoma, nitasema kidogo tu. Yanatunza joto ajabu, mkaa kidogo unaenda usiku kucha, nyama haikauki. Mazito, ukiliangusha limepasuka. Na likipanda joto kupita ulipotaka hesabu umepoteza saa nzima maana udongo haupoi. Kwa bei yake mi napata lile la maji, kipimajoto kizuri na mkaa wa mwaka.

Afu kuna mtu anasoma hapa ana jiko la kuchomea la duara lenye kifuniko, lile George Stephen wa Weber alilolitoa 1952 kwa kukata boya la chuma katikati, na anataka kununua la moshi. Subiri kwanza. Panga mkaa wa kubonyezwa kwenye ukingo wa ndani, mistari miwili chini miwili juu, kama nyoka anayezunguka nusu ya jiko au zaidi kidogo, tupia vipande vya mti juu yake, washa ncha moja tu. Nyama iweke katikati juu ya trei ya maji. Moto utatembea wenyewe kutoka ncha hadi ncha masaa 5, 6, joto linakaa 110 mpaka 120. Fanya hivo mara kumi. Ukiona bado una hamu ndo uende dukani, na utakuwa unajua unachokitafuta, ukiona huna hamu umeokoa hela.

Kuni zenyewe sitamaliza leo. Mti mgumu, uliokauka miezi, wa matunda ni mzuri, mwaloni ni mzuri, misonobari na kila chenye utomvu acha. Mbao za samani, zenye rangi au dawa, mabaki ya mbao za gundi, hapana. Na kuloweka maranda usihangaike, maji yanaingia ngozi ya juu tu, unachopata ni mvuke kwanza afu moshi ule ule uliochelewa. Nilitumia miaka miwili kuloweka.

Na popote utakapoliweka liwe nje. Sio barazani palipofungwa, sio gereji mlango nusu wazi kwasababu kuna mvua. Mkaa unaofuka taratibu ndo unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, gesi ya sumu, na haina harufu, huwezi kuisikia mpaka umelala. Mvua ikinyesha mi nasimamisha bati juu ya jiko kwa matofali mawili upande wa upepo, linaonekana kituko lakini linafanya kazi.

Ukubwa watu wanakosea pia. Wananunua kubwa wakifikiria sherehe, afu wiki 50 za mwaka wanachoma mkaa wa watu 20 kupika kuku mmoja. Sentimita 47 inachukua kuku wanne au mabega mawili, mi na familia ya watu sita sijawahi kukwama. Pima na upana wa mbavu ndefu kabla ya kulipa, beba futi, usione haya.

Lile ofseti la kwanza nilitaka kulitupa. Shemeji akaliomba, akalichukua, baada ya wiki tatu akalirudisha mwenyewe kwenye kigari cha kukodi, akaliteremsha getini akanawa mikono akasema "Shem, mi nilidhani shida ilikuwa wewe." Sasa hivi nawekea mkaa humo ndani. Hata mkaa huwa unapata unyevu, maana mlango haufungi.